Mwandishi gani wa riwaya anakufaa? Namna ya kumpata bila kuhangaika

Mtu akiuliza "nianze na riwaya za nani?" majibu yanakuja lundo. Huyu anasema Stephen King, yule Agatha Christie, mwingine anakuja na Dostoevsky ili tu aonekane msomi, na aliyeuliza anabaki palepale alipokuwa. Mi naona swali lenyewe ndo lina shida. Hamna mwandishi mzuri hivihivi tu, kuna mwandishi anayekupa kitu fulani vizuri kuliko wenzake, na kama hicho kitu we hukitafuti basi hata awe na tuzo za kujaza kabati utasinzia ukurasa wa kumi na tano afu uanze kusema kusoma hakukuwezi. Kumbe ulipewa tu mwandishi wa mtu mwingine.

Kwahiyo janra kwanza, yaani aina ya hadithi, jina baadaye. Na janra usiione kama yale mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani, we ichukulie kama ahadi kati yako na mwandishi. Ukishika riwaya ya upelelezi umeahidiwa kwamba kuna fumbo na kabla kitabu hakijaisha utapewa jibu lake. Ukishika ya mapenzi umeahidiwa wawili watateseka ila mwisho watakuwa pamoja. Ya kutisha imekuahidi usiku wa mashaka. Majina makubwa unayoyasikia ni ya watu waliotimiza ahadi yao vizuri kupita kiasi, au walioivunja makusudi kwa namna ambayo wasomaji walibaki midomo wazi.

Hatua ya kwanza haihusiani na vitabu kabisa. Chukua muvi au tamthilia tatu nne ambazo ulishindwa kuzima hata usingizi ulipokuja, afu jiulize kilichokushika kilikuwa swali gani. Ulitaka kujua nani kafanya? Ulitaka kujua kama steringi atatoka hai? Kama wale wawili watapatana? Au ulikuwa unaishangaa tu ile dunia, sheria zake na viumbe vyake? Au stori yenyewe wala haikuwa na haraka ila ulitaka kumwelewa yule mtu, kwanini yuko vile? Jibu la hapo ndo janra yako, hata kama siku zote umekuwa ukijitangaza kwamba we ni mtu wa vitu vingine. Kuna watu wanajiita mashabiki wa upelelezi kumbe wanachopenda ni kukimbizana na risasi, wakipewa Christie wanalalamika mbona watu wanakaa tu sebuleni wanaongea.

Haya tuanze na hao wa "nani kafanya" maana hapa ndo pana mengi.

Upelelezi kama tunavyoujua sasa unahesabiwa kuanzia 1841, pale Edgar Allan Poe wa Marekani alipotoa hadithi fupi ya The Murders in the Rue Morgue, kuna jamaa anaitwa Dupin anatatua mauaji kwa akili tu na rafiki yake ndo anayetusimulia. Huo mtindo wa mpelelezi mwenye akili za ajabu na rafiki wa kawaida pembeni Arthur Conan Doyle aliuchukua mzima mzima, akamleta Sherlock Holmes mwaka 1887. Holmes ana riwaya 4 tu na hadithi fupi 56, na ushauri wangu anza na hizo fupi, za mkusanyiko wa The Adventures of Sherlock Holmes, riwaya ziache kwanza isipokuwa ile ya mbwa wa Baskerville. Doyle mwenyewe alifika mahali akamchoka Holmes, mwaka 1893 akamuua, wasomaji wakawaka kwelikweli, na miaka kama kumi baadaye akaona isiwe tabu akamrudisha. Yaani janra ikishakuwa na wenyewe hata aliyemuumba mhusika hana mamlaka yote.

Agatha Christie yeye alianza 1920 na mpelelezi wake Hercule Poirot, baadaye akamleta Miss Marple, bibi wa kijijini ambaye kila mtu anamdharau. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Christie alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali, ndo maana watu wengi sana kwenye vitabu vyake wanakufa kwa sumu na sumu zenyewe kaziandika kitaalamu. Ana riwaya 66 za upelelezi, usijaribu kuzisoma kwa mpangilio, hazihitaji. Chukua And Then There Were None ya 1939, watu kumi kisiwani, mmoja mmoja anaondoka, hamna mpelelezi wa kuwaokoa. Ukiipenda nenda The Murder of Roger Ackroyd ya 1926, na hiyo tafadhali usiguse intaneti kuisoma muhtasari, usimuulize mtu, soma tu, ukija kujua kwanini nimesema hivyo utanishukuru.

Ukiona Waingereza wa Christie wamekuwa wapole sana, waache, vuka bahari mpaka Marekani. Dashiell Hammett na Raymond Chandler walichukua upelelezi wakaupeleka mitaani, mpelelezi hana pesa, anapigwa, polisi wamenunuliwa, na jibu la fumbo sio kitu kikubwa kuliko ule uozo anaoukuta njiani. The Maltese Falcon ni ya 1930 na The Big Sleep ni ya 1939. Hiyo ya pili stori yake imejikunja mpaka kuna kifo kimoja hakieleweki vizuri kilitokeaje, na bado ni tamu, kwasababu Chandler unamsoma kwa ajili ya sentensi. Kuna na James Hadley Chase, huyu vitabu vyake vimezunguka Afrika kuliko vya wengi. Alikuwa Mwingereza, jina lake halisi René Raymond, na Marekani aliyokuwa anaiandika aliijua zaidi kwa ramani na kamusi za lugha ya mitaani kuliko kwa kuishi huko. Wanafasihi wanamnunia lakini ukitaka kitabu cha kuisha jioni moja Chase hajawahi kumwangusha mtu.

Kwa Kiswahili baba wa upelelezi ni Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wake ni Bwana Msa na kiko chake, Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka 1960 na huwezi kukosa kuona kivuli cha Holmes mle, ila Kiswahili kilivyotulia humo ndani hata kama fumbo ungelijua mapema ungeendelea kusoma. Baada yake akaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, 1965.

Sasa wale wa "atatoka hai?" janra yenu ni taharuki, watu wanaita thrila, na ndani yake kuna ujasusi. Tofauti na upelelezi ni kwamba upelelezi unaangalia nyuma, maiti tayari iko sakafuni, thrila inaangalia mbele, kuna kitu kibaya kinakuja na saa inakimbia. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth, 1971. Muuaji kakodiwa amuue Rais de Gaulle wa Ufaransa, na kila msomaji anajua de Gaulle hakuuawa, alikufa kifo chake mwaka 1970, lakini bado unasoma huku unatokwa jasho. Hapo ndo ujue mwandishi kaiva, mwisho unaujua na bado kakushika shati.

Kwenye ujasusi kuna njia mbili na usizichanganye. Ian Fleming na James Bond wake kuanzia 1953, magari, wanawake, wabaya wenye mipango ya kuiteka dunia. Afu kuna John le Carré, ambaye kwenye The Spy Who Came in from the Cold ya 1963 majasusi ni watu wachovu waliovaa makoti yaliyochakaa na hakuna upande ulio msafi. Wote wawili waliwahi kufanya kazi za kijasusi kweli, le Carré alikuwa bado kazini alipoanza kuandika, ndo maana akatumia jina la bandia maana kwa jina lake la David Cornwell asingeruhusiwa. Ukimpa mtu wa Bond kitabu cha le Carré atakwambia hakuna kinachotokea. Ukimpa mtu wa le Carré kitabu cha Bond atacheka sehemu ambazo hazichekeshi. Kwa Kiswahili upande wa Bond tunae Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, Kufa na Kupona ya 1974 uanze nayo, na Ben Mtobwa na Joram Kiango, huyo anakaa katikati ya mpelelezi na jasusi. John Grisham naye yuko kwenye familia hii, alikuwa mwanasheria kwelikweli, taharuki yake iko mahakamani, na The Firm ya 1991 ndo mlango wake.

Kutisha. Hapa kila mtu anamjua Stephen King, na kila mtu anaanzia sehemu mbaya. Wanachukua It kwasababu wameona yule klauni, kitabu kina kurasa zaidi ya elfu moja, wanakata tamaa. King anza na Misery, 1987, mwandishi amepata ajali, ameokolewa na shabiki wake namba moja, na huyo shabiki hayuko sawa. Hamna mzimu hata mmoja mle, ni chumba kimoja na watu wawili, na utaogopa. Ukishindwa na kitabu kizima kuna hadithi zake fupi kwenye Night Shift ya 1978, hizo unameza moja moja. Carrie ya 1974 ndo riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, ni fupi pia.

Cha kuchekesha ni kwamba kuna watu wanaapa hawawezi kumsoma King kwasababu ya mambo ya kutisha, wakati muvi wanayoipenda maisha yao yote ni ile ya mfungwa wa Shawshank, ambayo imetoka kwenye kitabu chake cha Different Seasons, 1982. Jina la janra likishamganda mtu haling'oki, na ndo maana huwa nasema jina la mwandishi ni dalili tu ya janra, angalia na kitabu chenyewe.

Wakongwe wa kutisha ni wawili. Mary Shelley aliyeanza kuiandika Frankenstein akiwa na miaka 18, ikatoka 1818, na Bram Stoker na Dracula, 1897. Dracula imeandikwa karibu yote kwa barua na shajara za wahusika, mwanzo wake pale kwenye kasri ni moto, katikati inapoa kidogo, vumilia. Frankenstein wewe usitegemee jitu linalotembea limenyoosha mikono kama kwenye sinema, jitu la Shelley linaongea, linasoma vitabu, lina hoja nzito kuliko aliyelitengeneza.

Na Frankenstein ndo daraja la kwenda bunilizi za kisayansi, maana wengi wanaiona ni ya kwanza katika hiyo janra, mtu anatumia sayansi kufanya kitu afu kinamrudia. Ahadi ya janra hii ni "vipi kama?" Vipi kama tungeweza kusafiri kwenye wakati, hilo ni swali la H.G. Wells kwenye The Time Machine, 1895. Jules Verne wa Ufaransa alitangulia kidogo na wawili hao ni wazuri kwa kujipima: Verne anapenda kukuelezea chombo kinafanyaje kazi, Wells hajali sana chombo, anataka kuona binadamu watakuwaje chombo kikishakuwepo. Ukijua we ni wa upande gani hapo, waliobaki wanajipanga wenyewe. Isaac Asimov na sheria zake tatu za roboti, ambazo zilionekana kamili kwenye hadithi ya 1942, huyo ni wa mafumbo na mantiki, wahusika wake hawana nyama sana. Ursula Le Guin na Octavia Butler ni wa watu. Kindred ya Butler, 1979, mwanamke mweusi wa Marekani anayeishi miaka ya 1970 anavutwa ghafla kurudi enzi za utumwa, na Butler hakuelezei hata mara moja inavyotokea, na wala hutauliza. Kama unajiambia "mi sayansi sielewi" basi anza na hicho. Liu Cixin wa China anakupa kinyume chake, fizikia ya kutosha, The Three-Body Problem ilichukua tuzo ya Hugo mwaka 2015 na ilikuwa riwaya ya kwanza kutoka Asia kuichukua. Na Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, kitabu chake cha Binti ni kifupi kabisa, kinaisha kwa safari moja ya basi refu.

Fantasia, yaani hadithi za uchawi na dunia za kubuni, naomba niseme kitu kimoja cha msingi, angalia kama sirizi imeisha kabla hujaanza. Nakuambia kwa upendo. George R.R. Martin alitoa A Game of Thrones 1996, kitabu cha tano kikatoka 2011, na cha sita watu bado wanakisubiri. Wengine tumezeeka tukisubiri. Kama una roho ya kusubiri sawa, ila kama wewe ni mtu wa kutaka kujua mwisho nenda kwa waliomaliza. J.R.R. Tolkien kamaliza, alikuwa profesa wa lugha Oxford na alitengeneza lugha za viumbe vyake kabla hata stori haijakaa sawa, anza na The Hobbit ya 1937 ambayo ni nyepesi, The Lord of the Rings ije baadaye, na zile nyimbo nyimbo za katikati ukiziruka hakuna atakayekufunga. J.K. Rowling kamaliza, vitabu saba, 1997 mpaka 2007. Robert Jordan yeye alifariki 2007 The Wheel of Time haijaisha, ila mke wake ambaye ndo alikuwa mhariri wake akamchagua Brandon Sanderson aimalizie, na akaimalizia. Sanderson mwenyewe anaandika kwa kasi isiyo ya kawaida kwahiyo ukimpenda hutakosa cha kusoma.

Mapenzi. Janra inayodharauliwa kuliko zote na inayouzwa kuliko nyingi. Sheria yake ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, mwisho lazima uwe wa furaha, la sivyo wasomaji wa hiyo janra hawakihesabu kitabu chako ni cha kwao. Ndo maana Nicholas Sparks na The Notebook yake ya 1996, pamoja na machozi yote yale, kwa wengi haingii kwenye kundi, ni riwaya ya kuhusu mapenzi tu. Hilo lijue kabla hujanunua, kama unataka kulia nenda kwa Sparks, kama unataka kufunga kitabu unatabasamu nenda kwa Nora Roberts. Mama wa wote ni Jane Austen, riwaya sita kamili, ya kwanza ilitoka 1811 bila jina lake, imeandikwa tu kwamba ni kazi ya bibie mmoja. Pride and Prejudice ya 1813 usiisome ukitafuta mahaba mazito, isome kwa ajili ya watu wanavyopigana vijembe, mtu yeyote aliyekulia kwenye lugha ya mafumbo na mipasho atamwelewa Austen haraka kuliko anavyodhani.

Riwaya za kihistoria nitapita haraka. Alexandre Dumas kama unataka mapanga na farasi, The Three Musketeers, 1844. Hilary Mantel kama unataka kukaa ndani ya kichwa cha mtu wa karne ya 16, Wolf Hall, 2009, na siri ya kuisoma ni hii: ukikuta "yeye" na hujui ni nani, mara nyingi ni Thomas Cromwell, mhusika wake mkuu. Shafi Adam Shafi kwa Zanzibar ya kabla ya mapinduzi, Kuli ya 1979 na Vuta N'kuvute ya 1999, hiyo ya pili ni tamu zaidi. Abdulrazak Gurnah aliyechukua Nobel 2021, Paradise yake ya 1994 ipo kwa Kiswahili inaitwa Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, isome kwa Kiswahili kama unaweza kwasababu wale wahusika ndo lugha yao.

Kuna kundi la waliochoka na watawala. Wanaandika nchi za kufikirika ili waseme ukweli wa nchi zao. George Orwell, Shamba la Wanyama ya 1945 na 1984 iliyotoka 1949. Aldous Huxley. Margaret Atwood na The Handmaid's Tale ya 1985. Kabla hujaenda mbali kwa hao soma Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, nchi inayoelea angani, mtu yuko kizimbani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na aliiandika wakati mkoloni bado yupo. Kama uliisoma shuleni kwa kulazimishwa ukaichukia, jaribu tena bila maswali ya mtihani.

Na wale wa "nataka kumwelewa yule mtu", nyie ni wa fasihi nzito, ambayo haina ahadi moja ndo maana ni ngumu kuielekeza. Hapa mlango wa kuingilia una uzito kuliko jina. Euphrase Kezilahabi anza na Rosa Mistika, 1971, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, usianze na Nagona hata kama ni nyembamba, Nagona itakutoa jasho na ukifika ukurasa wa mwisho utarudi wa kwanza. Chinua Achebe anza na Things Fall Apart, 1958, ipo kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Ngũgĩ wa Thiong'o kuna Shetani Msalabani, aliyoiandika kwa Kikuyu akiwa gerezani kwenye karatasi za chooni. Gabriel García Márquez wa Kolombia, Nobel ya 1982, huyo ndo sura ya uhalisia mazingaombwe, mambo ya ajabu yanasimuliwa kama habari za kawaida, bila mtu kushtuka. One Hundred Years of Solitude ya 1967 ni kubwa na majina yanajirudia vizazi kwa vizazi, chora ule ukoo kwenye karatasi. Karatasi hiyohiyo itakusaidia kwa Dostoevsky, maana Mrusi mmoja anaitwa majina matatu kutegemea anayemwita ni nani. Crime and Punishment yake ya 1866 ni mfano mzuri wa janra inavyoweza kukudanganya, kuna mauaji, kuna mpelelezi, lakini muuaji unamjua tangu mwanzo, unachosubiri ni kuona nafsi yake itabeba mpaka lini.

Sasa ukishapata janra na jina, kuna vitu vichache vya kuangalia. Majina ya bandia kwanza, kwasababu waandishi wakivuka janra mara nyingi wanabadili jina ili wasomaji wa zamani wasishtuke. Nora Roberts akiandika upelelezi wa zama zijazo anakuwa J.D. Robb. Rowling upande wa upelelezi ni Robert Galbraith, tangu 2013. Christie aliandika riwaya sita kama Mary Westmacott na hazina maiti ya kuchunguza. Kwahiyo ukimpenda mtu tafuta na majina yake mengine, na pia ukikuta jina tofauti jua na ahadi imebadilika.

Tuzo nazo zitumie kama chujio. Hugo ni bunilizi za kisayansi na fantasia. Edgar, kwa heshima ya Poe, ni upelelezi na uhalifu. Bram Stoker ni kutisha. Booker mara nyingi ni fasihi nzito. Kwa Kiswahili kuna Safal-Cornell, zamani ikiitwa Mabati-Cornell. Ukiona kitabu kina Booker na wewe ulikuwa unatafuta kukimbizana, kirudishe tu kwenye shelfu.

Kurasa hamsini zinatosha kuamua. Zikiisha hujashikwa, weka chini, ila usimfute mwandishi mpaka umejaribu kitabu chake kingine kimoja, hasa kama hicho cha kwanza kilikuwa kile maarufu. Na ukimpenda usimalize vitabu vyake vyote kwa mfululizo, mbinu zake utaanza kuziona zimejianika, King na wale waandishi wake wanaopata matatizo, Christie na watu wake wa kurithi mali. Baada ya cha tatu hivi toka pembeni, tafuta aliyemfundisha au aliyemfuata. Kutoka kwa Christie nenda kwa Patricia Highsmith, The Talented Mr. Ripley ya 1955, ambako utajikuta unamuombea mhalifu asikamatwe. Kutoka kwa King nenda kwa Shirley Jackson, The Haunting of Hill House ya 1959. Kutoka kwa Márquez nenda kwa Kafka, maana Márquez mwenyewe alisema ile hadithi ya mtu aliyeamka akiwa mdudu ndo iliyomfungua macho kwamba kumbe inaruhusiwa kuandika hivyo. Na kutoka kwa Musiba rudi nyuma kwa Bwana Msa, uone mambo yalivyokuwa kabla ya bastola.